Kocha wa Dola Moja: Rod Dedeaux na Besiboli ya USC

Mwaka 1942 Chuo Kikuu cha Southern California (USC), jijini Los Angeles, kilikuwa na shida iliyovipata vyuo vyote vya Marekani wakati huo: vita vilikuwa vinachukua watu. Kocha wa besiboli, Sam Barry, ambaye pia ndiye aliyefundisha mpira wa kikapu, aliingia jeshi la majini. Akatafutwa mtu wa kuishikilia timu hadi mwenyewe atakaporudi. Aliyepatikana alikuwa kijana wa miaka 28, mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo, ambaye wakati huo alikuwa na kampuni yake ya malori. Kwa jina la kuandikishwa aliitwa Raoul Martial Dedeaux. Watu walimwita Rod. Sijui kama kuna kaimu mwingine aliyekaimu kwa urefu huo, maana aliishika timu kwa misimu 45.

Hesabu zake, kwa wanaopenda hesabu, ni hizi: mechi 1,332 alizoshinda, 571 alizopoteza, 11 za sare, ubingwa wa ukanda mara 28, ubingwa wa taifa mara 11. Kati ya hizo 11, mara tano zilifuatana, kuanzia 1970 hadi 1974. Tangu mashindano ya taifa ya vyuo yaanze mwaka 1947, hakuna chuo kingine kilichoweza kutwaa kombe hata mara tatu mfululizo. USC kiliongeza kombe la 12 mwaka 1998, miaka 12 baada ya Dedeaux kustaafu, na mpaka leo hakuna mwenzake aliyefikisha hata makombe kumi. Hesabu hizo ndizo zinazoandikwa kwenye vibao vya kumbukumbu. Kinachonivutia mimi ni namna mtu mwenye kazi nyingine kabisa ya kumlisha alivyoijenga timu ya chuo ikawa taasisi, na yaliyoipata taasisi hiyo alipoondoka.

Dedeaux alizaliwa New Orleans tarehe 17 Februari 1914. Familia yake ilihamia California, akasoma Hollywood High School, kisha USC, ambako alicheza besiboli kuanzia 1933 hadi 1935. Huko ndiko alikotazamwa na Casey Stengel, aliyekuwa meneja wa Brooklyn Dodgers, mtu wa maneno mengi na akili kali iliyojificha nyuma ya vichekesho. Stengel alimchukua. Mwishoni mwa msimu wa 1935 kijana huyo alicheza ligi kuu, mechi mbili tu, akasimama kupiga mara nne na kufanikiwa mara moja. Mwaka uliofuata aliumia mgongo, na safari yake ya uchezaji ikaishia hapo. Urafiki wake na Stengel haukuisha. Wote wawili waliishi Glendale, kitongoji cha kaskazini mwa Los Angeles, na yeyote aliyemsikia Dedeaux akiongea kwenye benchi alijua utani ule ameurithi wapi.

Alipokosa uwanja aligeukia barabara. Akiwa na mtaji wa dola 500 alianzisha kampuni ya kutengeneza magari na kusafirisha mizigo, akaiita DART. Kampuni ilikua mwaka hadi mwaka, ikamtajirisha. Kwa hiyo alipopewa timu hakuwa na haja ya kulipwa, na chuo hakikumlipa kitu cha maana: mshahara wake ulikuwa wa jina tu, dola moja kwa mwaka. Asubuhi alikuwa ofisini kwenye malori, mchana uwanjani. Ligi kuu ilipata kumtaka, naye akabaki alipokuwa. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu alijitunza mwenyewe kwanza, kisha akaenda kucheza kwao.

Barry alirudi mwaka 1946. Hakumwondoa aliyemshikia nafasi. Walishirikiana, kwa mpango uliofuata majira ya michezo yenyewe. Barry alikuwa bado na mpira wa kikapu mwanzoni mwa mwaka, basi Dedeaux aliuanza msimu peke yake, na kikapu kikiisha Barry akaungana naye. Mpango huo ulizaa kombe la kwanza mwaka 1948, mashindano ya taifa yalipochezwa kwa mara ya pili, mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan. Wapinzani wa fainali walikuwa Yale, chuo cha watoto wa wakubwa, na nahodha wao, aliyelinda kituo cha kwanza, aliitwa George Bush. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1989.

Hapa niseme kidogo juu ya mchezo wenyewe, kwa sababu besiboli kwetu ni ya wachache, ingawa katika shule ya Azania jijini Dar es Salaam vijana wanaucheza kwenye kiwanja kilichojengwa kwa msaada wa Wajapani. Timu moja inarusha na kudaka, nyingine inapiga. Mrushaji anaurusha mpira kwa nguvu, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, kisha akimbie vituo vitatu na kurudi cha nyumbani. Akikamilisha mzunguko timu yake imepata pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inahamia upande wa pili. Kila timu ikishapata zamu yake, raundi moja imekwisha, na raundi ni tisa. Saa haipo. Timu iliyo nyuma kwa pointi saba katika raundi ya mwisho ina haki ya kuendelea kupiga mpaka watu wake watatu watolewe, na kwa kanuni hiyo besiboli imewaliza watu wengi waliodhani wameshashinda.

Katika mechi ya kwanza ya fainali ile USC iliongoza 3-1, Yale ikiwa na zamu ya mwisho. Wakajaza vituo vyote vitatu, hakuna hata mmoja aliyetolewa. Bush alikuwa amesimama pembeni na gongo lake, ndiye anayefuata. Mwenzake akaupiga mpira, ukadakwa, ukarushwa, ukarushwa tena, na kwa pigo hilo moja watu watatu wakatolewa kwa mpigo. Mechi ikaisha Bush akiwa bado anasubiri zamu. Yale ilishinda mechi ya pili 8-3, USC ikamaliza kazi kwa 9-2.

Mwaka 1950 Barry alifariki ghafla, na timu ikabaki mikononi mwa Dedeaux peke yake. Mwaka huohuo mashindano ya taifa yalihamia Omaha, Nebraska, na yapo huko mpaka leo. Kwa mchezaji wa besiboli wa chuo, kusema "Omaha" kunatosha. Hahitaji kutaja mashindano.

Uwanja wa nyumbani siku hizo ulikuwa Bovard Field, katikati ya chuo, umebanwa na majengo na viwanja vingine. Machi 1951 Stengel, ambaye wakati huo alikuwa meneja wa New York Yankees, mabingwa wa dunia, aliileta timu yake hapo kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa rafiki yake. Miongoni mwa Yankees alikuwapo kijana wa miaka 19 kutoka Oklahoma, Mickey Mantle. Aliupiga mpira mara mbili ukavuka uzio, na mmojawapo ulikwenda mbali kiasi cha kuangukia ndani ya kiwanja cha mazoezi ya futiboli ya Kimarekani kilichokuwa nyuma ya uzio. Ulikwenda umbali gani hasa, watu wamebishana tangu siku ile. Kila mzee aliyesimulia aliongeza hatua chache. Yankees walishinda 15-1. Vijana wa USC walipata fundisho ambalo fedha za chuo zisingeweza kulinunua, na walilipata kwa sababu kocha wao alikuwa na rafiki.

Alifundisha nini? Waliopita kwake wanataja mambo yaleyale. Makocha wengi husema kosa lisirudiwe mara ya pili. Dedeaux alitaka lisifanyike hata hiyo mara ya kwanza. Kosa la mkono alilivumilia, maana mpira unaweza kumponyoka yeyote. Kosa la kichwa hakulivumilia: kurusha kwenye kituo kisichostahili, kusahau ni wangapi wameshatolewa, kukimbia pasipokuwa na sababu ya kukimbia. Mambo hayo yalifanyiwa mazoezi mpaka yakawa mazoea. Wakati huohuo uwanja wake ulijaa vicheko. Kila mtu alimwita "Tiger", mchezaji, mwamuzi, mgeni aliyefika kumsalimia. Wapo wanaosema ni mapenzi na wapo wanaosema ni njia ya kukwepa kukumbuka majina. Timu ilikuwa na wimbo wake wa ushindi, wimbo wa Kiairishi uitwao MacNamara's Band, ambao vijana waliuimba kwa sauti kubwa ndani ya basi. Fikiria wanariadha wa California, wengine wakiwa weusi na wengine wa asili ya Meksiko, wakiimba wimbo wa bendi ya mtaani ya Kiairishi wakiongozwa na mzee mwenye jina la Kifaransa.

Makombe yakaanza kuja. Mwaka 1958, kikosi kilichokuwa na Ron Fairly na Don Buford, waliokuja kufanya makubwa ligi kuu, kiliishinda Missouri 8-7 baada ya raundi 12. Mwaka 1961 ikawa zamu ya Oklahoma State, 1-0. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo Mike Gillespie, jina la kulikumbuka. Mwaka 1963 Arizona ikafungwa 5-2.

Mmoja wa wanafunzi wake mashuhuri hakuchukua kombe lolote chuoni. Tom Seaver alitoka Fresno, akapitia jeshi la wanamaji na chuo kidogo cha mji wake, akaja kwa Dedeaux akiwa mrushaji ambaye hakuna aliyekuwa na uhakika naye. Dedeaux alimpeleka kwanza Fairbanks, Alaska, majira ya joto ya 1964, acheze na timu ya Goldpanners, ambako wanafunzi kutoka vyuo mbalimbali walikutana kucheza chini ya anga lisiloingia giza. Akifaulu huko, ndipo ufadhili utakuwapo. Alifaulu. Msimu wa 1965 alishinda mechi 10 na kupoteza mbili. Mapema mwaka 1966 Atlanta Braves walimsainisha mkataba, kumbe USC walikwishaanza mechi za msimu, na kanuni ya ligi ilikataza kumchukua mwanafunzi timu yake ikishaanza kucheza. Mkataba ukafutwa. Na kwa kuwa alikuwa ametia sahihi, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikasema si mwanamichezo wa ridhaa tena. Kijana akawa hana chuo wala klabu. Kamishna wa ligi, William Eckert, aliamua timu yoyote iliyo tayari kutoa kiasi kilekile ijitokeze. Zikajitokeza tatu, majina yakatiwa kwenye kofia, ikatoka New York Mets, wakati ule timu ya kuchekwa. Miaka mitatu baadaye, 1969, Mets walikuwa mabingwa wa dunia, Seaver akiwa mrushaji wao mkuu.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu inaonyesha mazingira ya kazi ya kocha wa chuo. Mchezaji wake ni mali ya watu wengine inayopita. Akiwa mzuri sana, ligi inamchukua. Akiwa wa kawaida, anahitimu. Hakuna kikosi cha Dedeaux kilichodumu zaidi ya miaka mitatu au minne. Ukiyatazama makombe yake kwa jicho hilo, unaona kwamba ilimbidi kuijenga timu upya kila baada ya muda mfupi, na kati ya vijana waliopita mikononi mwake karibu 60 walifika ligi kuu.

Mwaka 1968 kulikuwa na Bill Lee, mrushaji wa mkono wa kushoto, mtu wa vituko aliyekuja kujulikana kote Marekani kwa ulimi wake. USC iliishinda Southern Illinois 4-3 kwenye zamu ya mwisho kabisa. Kisha ikaja miaka mitano ya peke yake. Mwaka 1970 fainali dhidi ya Florida State ilikwenda raundi 15 kabla ya kuisha 2-1. Mwaka 1971, Southern Illinois tena, 7-2. Mwaka 1972, Arizona State, 1-0. Sijaona namna nzuri ya kueleza ugumu wa kupata fainali ya 1-0 baada ya fainali ya raundi 15, isipokuwa kusema kwamba timu za aina hiyo hazishindi kwa misuli. Zinashinda kwa sababu wapinzani watakosea kabla yao.

Nusu fainali ya 1973 ndiyo wazee wa Omaha wanayoipenda kuliko zote. Minnesota walikuwa na Dave Winfield, kijana wa kimo cha ajabu ambaye mwaka huo alitakiwa na timu za kulipwa za besiboli, mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani kwa pamoja. Siku hiyo alikuwa anarusha. Kwa raundi nane USC walifanikiwa kuupiga mpira wake sawasawa mara moja tu, na wapigaji 15 aliwatoa bila magongo yao kufanya lolote. Matokeo yalikuwa 7-0, na USC walikuwa na zamu ya mwisho.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Mpigaji mmoja akafika kituoni. Mwingine akamfuata. Mwamuzi akatoa uamuzi mmoja uliokuwa na utata, Minnesota wakalalamika mpaka wakachoka. Winfield alikuwa amerusha mipira mingi, mkono ukaisha nguvu. Kocha wake akamtoa kwenye kazi ya kurusha, lakini kwa kuwa alikuwa pia mpigaji hatari akampeleka kusimama uwanja wa nje. Kutoka huko aliona warushaji waliomfuata wakipigwa, pointi ya tatu, ya nne, ya tano. USC walipata pointi nane katika zamu ile moja, wakashinda 8-7. Fainali waliwafunga Arizona State 4-3. Winfield alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ingawa timu yake haikufika fainali, akaenda San Diego Padres moja kwa moja bila kupitia ligi za chini.

Waandishi wa habari wa wakati ule waliita muujiza. Mimi naona ilikuwa tabia. Timu iliyofunzwa kutotupa zamu yake haiangalii ubao wa matokeo kabla ya kuamua kama itasimama vizuri kwenye kisanduku cha kupigia. Ndiyo maana wapinzani hawakujiona salama mbele yao, na hofu ya mpinzani ni nusu ya pointi nane.

Mwaka 1974 waliifunga Miami 7-3 na kulichukua kombe la tano mfululizo. Mwaka huohuo timu ilihama Bovard Field na kuingia uwanja mpya, ukapewa jina la kocha mwenyewe, Dedeaux Field, naye akiwa hai na bado anafundisha humo kila siku. Ni jambo la kutatanisha kidogo, mtu kugombana na mwamuzi ndani ya uwanja wenye jina lake, ila yeye hakuonekana kusumbuka.

Lakini 1974 ndio mwaka pia ambao vyuo viliruhusiwa kutumia magongo ya aluminiamu. Gongo la aluminiamu ni jepesi na linaurudisha mpira kwa kasi kuliko la mbao. Mchezo wa 1-0 na 2-1, ambao Dedeaux aliumudu, taratibu ukawa mchezo wa kumi kwa nane. Wapinzani nao walibadilika. Kusini mwa Marekani, vyuo kama Miami chini ya Ron Fraser viligundua kwamba besiboli ya chuo inaweza kujaza majukwaa na kuleta fedha. Karibu zaidi, mwendo mfupi wa gari kutoka USC, chuo cha umma cha Fullerton kilimpata kocha aitwaye Augie Garrido, kikachukua ubingwa wa 1979 na tena wa 1984. Vijana waleale wa kusini mwa California ambao zamani walikuwa na mlango mmoja wa kubisha sasa walikuwa na milango mingi.

Kombe la mwisho la Dedeaux lilikuja 1978, dhidi ya Arizona State, 10-3. Baada ya hapo hakurudi Omaha. Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyo ya ukame alikuwa na vipaji ambavyo kocha yeyote angevililia. Randy Johnson, mrushaji mrefu kama mnazi, alikuwa USC. Mark McGwire alikuja akiwa mrushaji, akageuzwa mpigaji, na mwaka 1984 akavusha mipira 32 nje ya uzio. Wote wawili walicheza pamoja, na hawakufika Omaha. Kipaji kikubwa kimoja au viwili havitoshi katika mchezo wa watu tisa. Dedeaux alilijua hilo kuliko wengi, na bado hakuweza kulizuia.

Nje ya chuo, kazi aliyoifanya kwa moyo zaidi ilikuwa kuupeleka mchezo mbele ya dunia. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo na timu ya wanafunzi kucheza mechi moja ya maonyesho wakati wa Olimpiki, wakaishinda timu ya wenyeji 6-2. Alipenda Japani, akasaidia kuanzisha mfululizo wa mechi kati ya wanafunzi wa Marekani na wa Japani mwaka 1972. Olimpiki ilipokuja Los Angeles mwaka 1984, besiboli iliingizwa tena kama mchezo wa maonyesho, safari hii timu nane, kwenye uwanja wa Dodgers. Kocha wa Marekani alikuwa Dedeaux, akiwa na miaka 70. Kikosi chake kilikuwa na McGwire, Will Clark, Barry Larkin. Wakuba, ambao wangeweza kuwatoa jasho, hawakuwapo kwa sababu nchi yao iliisusia Olimpiki hiyo. Ilionekana kama kombe limeshafungwa kwenye karatasi. Fainali Japani ilishinda 6-3. Wanafunzi wa Kijapani na wafanyakazi wa kampuni, watu ambao kwa miaka 20 alikuwa akiwaalika, akiwatembelea na kuwaonyesha mchezo, ndio waliomnyima medali ya dhahabu nyumbani kwake. Miaka minane baadaye, Barcelona 1992, besiboli ilikuwa mchezo kamili wa Olimpiki.

Alistaafu mwaka 1986 akiwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko yeyote katika historia ya vyuo, rekodi iliyokuja kuvunjwa na Cliff Gustafson wa Texas. Alibaki mtu wa kuonekana. Filamu ya Field of Dreams ilipotengenezwa, ikatoka 1989, yeye ndiye aliyeajiriwa kuwafundisha waigizaji wasiaibike na gongo mkononi.

Timu alirithishwa Mike Gillespie, yule mchezaji wa 1961. Chuo kilifanya vizuri kumchagua mtu wa nyumbani, na kwa miaka kadhaa ikaonekana kama mambo yataendelea. Mwaka 1995 alifika fainali, akafungwa na Fullerton. Mwaka 1998 alichukua kombe la 12 katika mechi ambayo Dedeaux wa 1972 asingeitambua: USC 21, Arizona State 14, fainali yenye pointi nyingi kuliko zote. Wes Rachels, mchezaji ambaye hakutarajiwa, alipiga vizuri mara tano na kuleta pointi saba. Gillespie alirudi Omaha mwaka 2000 na 2001, kisha akaondoka 2006. Aliyemfuata alikuwa mkwe wake, Chad Kreuter, na baada ya Kreuter wakaja wengine wanne kabla ya miaka 20 kwisha. Hadi msimu wa 2025 USC haikuwa imeiona Omaha tena.

Wapo wanaolaumu makocha. Mimi naanzia kwenye ada. Kwa zaidi ya miaka 30 NCAA iliruhusu kila timu ya besiboli kuwa na ufadhili wa watu 11.7 tu, na ufadhili huo ukagawanywa vipandevipande kwa wachezaji wapatao 30. Chuo cha umma, ambacho ada yake kwa wakazi wa jimbo ni nafuu, kiliweza kumpa kijana robo ya ufadhili na mzazi akamudu kilichobaki. USC ni chuo binafsi, tena ghali. Robo ya ufadhili wake ilimwachia mzazi deni la kutisha. Kijana wa Anaheim au Long Beach alipiga hesabu hiyo mezani pamoja na mama yake, halafu akaenda Fullerton. Hakuna kocha, awe mcheshi namna gani, anayeweza kuishinda hesabu ya mezani kila mwaka.

Na kuna jambo la pili, ambalo wanahistoria wa chuo hulitaja kwa sifa bila kulipima. Dedeaux hakuihitaji kazi ile. Hakuna mkuu wa michezo aliyeweza kumtisha kwa mkataba, hakuna msimu mbaya uliomtia hofu ya kodi ya nyumba, na akitaka kumpeleka kijana Alaska au kumleta Stengel hakusubiri bajeti. Uhuru huo ndio uliomwezesha kufundisha kwa subira. Lakini mtu wa aina hiyo haandikiwi kwenye maelezo ya ajira. Aliyekuja baada yake alikuwa mfanyakazi, na aliyekuja baada ya huyo naye vilevile, kila mmoja akipimwa kwa makombe yaliyopatikana kwa masharti ambayo yeye hakupewa. Chuo kilirithi uwanja, wimbo na jina. Kule kutohitaji kazi, hakikuwa na njia ya kukurithisha.

Rod Dedeaux alifariki Glendale tarehe 5 Januari 2006, akiwa na miaka 91. Mwaka huohuo Jumba la Heshima la Besiboli ya Vyuo lilipokea kundi lake la kwanza kabisa, na yeye akaingia pamoja na Dave Winfield. Uwanja wenye jina lake ulitumika kwa nusu karne, kisha ukabomolewa, na msimu wa 2025 timu ilicheza mechi zake za nyumbani Irvine, katika kaunti ya jirani, ikisubiri Dedeaux Field mpya. Msimu huo, bila makao, ilirudi kwenye mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 2015, ikatolewa Corvallis, Oregon, hatua mbili kabla ya Omaha.